Nyumba Iliyorukwa

Siku ramani mpya ya mji wa Kitale ilipotundikwa ili watu waione, Leila alibadilisha mtandio mara tatu, akaishia kuvaa ule wa kwanza. Mama yake, Bi Zaitun, alikuwa kibarazani akimngoja, mkoba mapajani. Akamtazama toka juu hadi chini.

"Tunaenda kuangalia ramani ama tunaenda harusini?"

"Mama, si ni ukumbini. Kutakuwa na watu."

"Kutakuwa na mtu," Bi Zaitun akasema, akainuka.

Leila akainama kufunga kiatu kilichokuwa kimeshafungwa. Angesema nini? Mtu mwenyewe alikuwepo kweli, na mama alijua hivyo. Aliitwa Makokha, kijana wa Bungoma, mrefu, mwenye sauti ya chini, aliyekuja Kitale mwaka uliotangulia pamoja na wenzake waliopewa kazi ya kuuandika upya mpango wa mji. Ule wa zamani ulichorwa kabla Leila hajazaliwa. Mji ulikuwa umefura ukaupita kila upande, mtaa wa Kipsongo umejaa watu, malori hayana pa kugeukia, na karatasi za serikali bado zilionyesha mashamba ya mahindi mahali ambapo siku hizi ni maduka tu. Basi vijana wale wakazunguka mtaa kwa mtaa, nyumba kwa nyumba, wakihesabu vyumba na kuuliza watu wanataka mji wao uwe vipi miaka mingi ijayo.

Katika kuzunguka huko ndipo Makokha alipofika katika chekechea alikofundisha Leila, akauliza idadi ya watoto. Leila akamwambia, "Wahesabu mwenyewe, kama utaweza kuwatuliza." Akahangaika nao asubuhi nzima. Kesho yake akarudi, akasema ile hesabu imempotea. Leila, ambaye hakuzaliwa jana, akamwambia ajaribu tena. Alijaribu wiki nzima, maskini, na watoto wakamzoea hadi wakawa wanamdai peremende.

Sasa mambo yalikuwa yamefika mbali. Makokha alikuwa akienda kwa sheikh kila jioni kujifunza dini, na jina alikuwa ameshalichagua: Salman. Kilichobaki ni Bi Zaitun. Hakuwa amekubali, hakuwa amekataa. "Nimuone kwanza," ndilo neno lake. "Aje nyumbani, akae, anywe chai, nimsikie anavyoongea." Na kila Leila alipomwalika, Makokha alikuwa na sababu ya kutokuja.

Leila aliijua sababu yenyewe. Hakuwa amepata tu njia ya kumwambia mama yake bila kumuumiza, akaiahirisha, akaiahirisha, mpaka ikafika siku ile ya ramani.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Ramani ilifunika ukuta mzima wa mbele, rangi tele: kahawia kwa nyumba za watu, nyekundu kwa maduka, zambarau kwa viwanda, kijani kwa mahali pa wazi. Watu walikuwa wakiisogelea kwa vidole, kila mmoja akitafuta kwake. Mkubwa wa maofisa wa mipango, mzee mmoja mpole aliyeitwa Kibiwott, alikuwa akisema, "Polepole, wazazi, haikimbii." Kando yake alisimama Makokha na kijiti cha kuonyeshea.

Leila alimwona kabla hajaonwa. Shati lake la samawati lilikuwa limepigwa pasi vizuri, na moyo wa Leila ukafanya ule ujinga wake wa kila siku. Kisha Makokha akainua macho, akamwona yeye, akamwona na mama yake nyuma. Hakutabasamu. Aliyainamisha macho chini, na Leila akajua kuna jambo.

Bi Zaitun hakusoma sana, lakini mji wake aliujua. Aliuanzia msikitini. Akaufuata kwa kidole, huku akijisemea: hapa bucha, hapa kwa fundi cherehani, hapa kwa jirani Hibo, na hapa kwangu. Kidole kikasimama. Chini ya kidole palikuwa na rangi ya kijani.

"Hapa pameandikwa nini?" akamwuliza mwanamume aliyekuwa karibu.

"Bustani ya watoto, mama."

"Na nyumba yangu iko wapi?"

Mwanamume yule akatafuta, akatazama huku na huku, asiione. Bi Zaitun akageuka. Hakupaza sauti. Hakuwahi kuwa mwanamke wa kupaza sauti, na hilo ndilo lililowafanya watu wanyamaze wamsikilize.

"Kijana, ni wewe ulikuja mtaa wetu kuhesabu."

"Ndio, Mama," Makokha akajibu.

"Kwa Hibo uliingia?"

"Niliingia."

"Kwa mwenye bucha?"

"Niliingia, Mama."

"Kwangu?"

Makokha akakishika kile kijiti kwa mikono miwili.

"Sikuingia."

"Nilisimama mlangoni nikakuita. Nikakwambia karibu, chai iko. Ukasema una haraka."

"Nilisema hivyo."

"Basi kwa sababu ulikuwa na haraka, mimi sina nyumba."

Mzee Kibiwott akaja mbio. Akaeleza kwamba hii bado ni rasimu, ndiyo sababu watu wameitwa waione, kosa linaweza kurekebishwa. Ofisa ataingia nyumbani, atapima vyumba, mwenye nyumba ataweka sahihi, na rangi itabadilishwa. Lakini ni lazima ifanyike kabla ya Ijumaa jioni, maana ramani inapelekwa Nairobi, na ikishapitishwa huko kuibadilisha ni kazi ya miaka.

"Nitakuja mimi mwenyewe, mama," akasema. "Hata leo."

"Wewe hukuniruka," Bi Zaitun akamjibu. "Aliyeniruka ni huyu. Aje yeye. Aingie kila chumba, vile aliingia kwa watu wengine. Akija mwingine, siweki sahihi."

"Mama, tafadhali," Leila akanong'ona.

"Twende nyumbani, kama bado tunayo."

Leila hakwenda naye. Alimfikisha barabarani, akarudi akizunguka nyuma ya ukumbi, penye tangi la maji, na Makokha alikuwa pale tayari, amejiegemeza ukutani. Shati la samawati lilikuwa limelowa jasho mgongoni.

"Ulijua lini?" Leila akauliza.

"Leo asubuhi. Wakitundika. Nikafikiria nitarekebisha polepole kabla mama yako hajaiona."

"Polepole. Kila kitu yako ni polepole. Kwa nini uliruka nyumba yetu, Makokha?"

"Si unajua kwa nini."

"Nataka niisikie ikitoka kwako."

Akavuta pumzi. "Mtaa wenu ulikuwa kwa orodha yangu. Nilifika kwa mlango wenu, mama yako akatoka, akaniita. Nikaona nyumba yenyewe, nikaona pazia ya chumbani. Leila, miguu ilikataa. Nikaandika pembeni na penseli, Kagwe mwenzangu wa kazi amalizie hapa. Kagwe angekuja kesho yake. Usiku huohuo akapigiwa simu babake amefariki, akaenda Nyeri. Na mimi, unakumbuka, nikaitwa hospitali ya Lugulu, mama amelazwa na presha. Karatasi zikaenda kwa mchoraji hivyo hivyo. Mchoraji akiona pahali hapana kitu, anajua hapana kitu."

"Na bustani? Hiyo bustani ilitoka wapi?"

Makokha akakwangua ukuta kwa ukucha.

"Hiyo niliiomba mimi," akasema. "Si ulisema watoto wako hawana pahali pa kucheza? Ulisema wanacheza kwa mtaro. Nikaandika mtaa huo upewe bustani, popote palipo wazi. Nilitaka nikuonyeshe siku ya ramani. Nilikuwa nakuwekea kama zawadi."

Leila akacheka, kisha kile kicheko kikageuka kilio hapohapo, akajifunika uso kwa mtandio. Makokha alinyoosha mkono, akaurudisha. Hawakuwa wamewahi kushikana mahali pa watu, na hata siku ile hawakuthubutu.

Sasa nikurudishe nyuma kidogo, mpaka Bungoma, ndipo utajua ni kitu gani kiliwabana watu hawa wawili.

Mama yake Makokha aliitwa Phelista, mjane, mkulima wa mahindi na kunde, muumini wa kanisa tangu utotoni. Leila alipopelekwa kwake mara ya kwanza aliurekebisha mtandio njia nzima. Alitegemea kufukuzwa. Badala yake mwanamke yule alimtazama kwa muda, akamshika mkono, akampeleka shambani wakachume kunde pamoja. Wakachuma mstari mzima. Halafu, bila kuinua kichwa, Phelista akaanza.

"Reira," alimwita hivyo, maana ulimi wake uliligeuza jina lile, na Leila alilipenda likitoka kwake. "Mimi sina vita na wewe. Jina ya mtoto yangu mnataka kubadilisha, sawa. Kanisa hataenda tena. Nimelia, nimemaliza kulia. Lakini mniachie kitu moja."

"Gani, Mama?"

"Mama yako atakuwa mkwe. Kwetu mkwe ni wa kuheshimu. Makokha asiingie kwa nyumba yake. Wasalimiane kwa mbali. Na akiingia mpaka pahali mama yako analala, huyo si mkwe tena, amekuwa mtoto wake wa kuzaa. Sasa wewe utakuwa dada yake. Nani anaoa dada yake? Hapo hata mwende kwa kadhi, mimi sitakuja. Na mtoto wenu sitashika."

Leila alitaka kuuliza kwa nini iwe kali hivyo, lakini Phelista alikuwa ameshajibu kabla ya kuulizwa.

"Kaka yake mkubwa aliona hiyo ni mambo ya zamani. Mvua ikampata kwa kina bibi yake, akaingia, akalala kwa kitanda ya mama mkwe. Mtoto wao wa kwanza, mimi ndio nilizika. Wa pili pia, mimi ndio nilizika." Akafunga fungu la kunde. "Sikukatazi kijana yangu. Nakuomba tu."

Leila akaahidi. Aliahidi kwa moyo mweupe, mikono imejaa majani ya kunde, bila kuona kuna ugumu gani katika kutoingia nyumba moja tu duniani. Na siku ile walipokuwa wakirudi barabarani Makokha akamwambia, "Daktari alisema ni malaria. Na mimi nasema ni malaria. Lakini kaburi zote mbili nilichimba mimi." Hawakuligusa tena jambo lile.

Kwa hiyo sasa, nyuma ya ukumbi, Leila alipopangusa macho hakuwa na haja ya kuelezwa.

"Mama anataka uingie," akasema.

"Nimesikia."

"Anataka wewe. Hataki Kibiwott, hataki mtu mwingine. Na yeye akisema hivyo, ni hivyo."

"Mwambie ukweli. Mweleze."

"Nitamweleza. Akikataa?"

"Basi sema wewe. Utakachosema ndicho nitafanya."

"Usinibebeshe mimi, Makokha. Haki, usinibebeshe mimi hii."

Kisha Leila akauliza lile alilokuwa akiliogopa. "Na ukiingia, halafu tuoane tu? Si ni mila. Wewe umesoma. Tuoane, tukae hapa Kitale, mama yako atazoea."

Makokha alimtazama usoni, na mtazamo ule Leila aliubeba miaka mingi baadaye. Ulikuwa wa mtu anayempenda mtu na hataki kumdanganya.

"Nitakuoa. Hata kesho ukitaka. Lakini nikuambie kitu? Siku mtoto wetu atashikwa na homa, mama yangu atanyamaza kule Bungoma. Mimi ndio sitanyamaza. Nitaamka nimwangalie, nitakuangalia wewe, nitamfikiria mama yako na hiyo nyumba. Nitakuwa nawachukia na sitaki. Najijua, Leila. Nilichimba hizo kaburi. Sitaki siku moja nikuchukie."

Angeweza kusema uongo. Wanaume wengi wangesema uongo pale, na ndoa ingefungwa, na nisingekuwa na hadithi ya kukusimulia. Leila alimpenda zaidi kwa kuwa hakusema uongo, na jambo hilo lilimuuma vibaya sana.

Nyumbani alimkuta mama yake amekaa kitandani, chumbani, mlango wazi. Kwenye msumari juu ya kitanda ilining'inia kofia ya baba yake Leila, marehemu Mohamud, mahali palepale alipoiacha. Nyumba ile aliijenga mwenyewe, akichanganya saruji baada ya kufunga duka, na Bi Zaitun akimchotea maji huku Leila yuko mgongoni. Chumba hiki alikimaliza kukiezeka mwisho, Leila akiwa msichana mkubwa, na mwaka uliofuata akafa humuhumu.

"Mama, nina neno."

Akalisema lote. Bungoma, kunde, Phelista, kaburi mbili, ahadi. Alilisema haraka ili asije akalikatiza katikati. Bi Zaitun alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hivyo mimi ni mtu wa kutorokwa," akasema.

"Si kutorokwa, Mama. Ni heshima. Kwao ndiyo heshima kubwa."

"Heshima ya kunifutia nyumba?" Bi Zaitun akatikisa kichwa. "Mimi nikikupa mume, Leila, kwa dini yetu huyo ni mtoto wangu. Nitavua mtandio mbele yake. Nikiugua ataniinua. Nikifa, atakuwa kati ya wanaonibeba. Sasa huyu wako atanisalimia kutoka kwa geti mpaka nife? Na nikianguka humu ndani? Ataita majirani?"

Leila akaitazama ile kofia. Hakuwa amelifikiria hilo.

"Baba yako hayupo. Kaka yako Abdihakim ameenda Garissa, hata simu hapigi. Nilikuwa natafuta mwanamume wa kuingia kwa hii nyumba, mwanangu. Wewe umeniletea wa kutoingia."

"Mama, akiingia, hatanioa. Sikiliza ninachosema. Hatanioa."

"Mwanamume anayekupenda hashindwi na mlango," Bi Zaitun akasema, na alisema kwa upole, akiamini kabisa kwamba anamsaidia bintiye. "Aingie. Ataona hakuna aliyekufa. Na mama yake ataona. Halafu tutapanga harusi kama watu."

"Na asipokuja?"

"Basi tutajua mapema. Na nyumba waichukue, mimi nitakaa kwa bustani na watoto wao."

Alikuwa hatanii. Leila alimjua mama yake. Mwanamke yule angekaa pale hadi tingatinga lifike, na asingeweka sahihi.

Siku mbili zilizofuata Leila alifundisha watoto wimbo uleule asubuhi na mchana, na hakuna aliyemwuliza kwa nini. Ijumaa, baada ya swala, watu walipokuwa wakitoka msikitini, alimwona Makokha akija kwa barabara ya bucha. Alikuwa na ubao wa kuandikia kwapani na futi ya chuma mfukoni. Alifika kwenye geti, akasimama palepale aliposimama ile siku ya kwanza.

Leila akatoka. Wakawa wawili, geti katikati.

"Umekuja," akasema.

"Nimekuja mpaka hapa. Mbele ya hapa nangoja wewe."

"Nilikwambia usinibebeshe."

"Najua. Nimejaribu kuamua peke yangu, imenishinda." Akauhamishia ubao kwapa la pili. "Ukisema nirudi, narudi. Naacha kazi, tunaenda pahali. Kapsokwony nina mjomba, atatupa pa kukaa. Sema tu."

Leila akamtazama. Alitazama ile alama ndogo kidevuni, aliyopata akiwa mtoto kwa kuanguka kwenye mti wa mapera, na ambayo Leila alikuwa ameshajiambia kwamba watoto wao wataiulizia. Alikuwa na jibu midomoni. Turudi. Twende. Kapsokwony, popote, kwenye ile milima ambako hakuna anayetujua. Neno moja tu.

Akageuka nyuma. Bi Zaitun alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amevaa mtandio wake wa Idi. Kwenye meza nyuma yake Leila aliona chupa ya chai, mahamri yaliyofunikwa kitambaa, na vile vikombe vyenye mistari ya dhahabu ambavyo havikutolewa kabatini tangu arobaini ya baba. Alikuwa amengoja tangu alfajiri, na sasa alikuwa na wasiwasi usoni, kama msichana anayetazamia wageni na hajui kama watafika. Mwanamke yule alikuwa na vyumba vitatu na kofia moja ya marehemu, na hakuwa na kingine.

"Mwambie chai inapoa," Bi Zaitun akaita.

Leila akafungua geti.

"Ingia, Makokha."

"Leila."

"Ingia. Mimi ndio nimesema."

Akavua viatu kizingitini. Bi Zaitun akasogea kando kumpisha, na kijana akapita, kichwa chini, kama mtu anayeingia majini asiyojua kina chake. Akapima sebule. Akapima chumba cha Leila, ambamo hakuinua macho hata mara moja. Futi ile ilihitaji mtu wa kuishika upande wa pili, kwa hiyo Leila aliishika yeye, akihama naye ukuta kwa ukuta, mmoja akisoma na mwingine akitulia.

Kwenye chumba cha mwisho Makokha alisimama mlangoni. Pazia ile aliyoiona kutoka nje ilikuwa imefungwa kando.

"Pita, usiogope," Bi Zaitun akamwambia kutoka sebuleni. "Hapo ndipo marehemu alipenda zaidi."

Akaingia.

Leila alibonyeza ncha ya futi ukutani kwa kidole gumba. Makokha akaivuta, akapita kando ya kitanda, akafika ukuta wa pili chini ya ile kofia. Wakatazamana juu ya shuka nyeupe. Leila alitaka kumwambia mengi: kwamba wale watoto bado wanamwulizia mtu wa peremende, kwamba jina la Salman alikuwa ameshalizoea mdomoni, kwamba atamwambia Phelista ukweli, kuwa ahadi imevunjwa na yeye, wala si mwanawe. Hakusema hata moja. Macho ya Makokha yalikuwa yamejaa, na hakuyapangusa kwa kuwa mikono yote ilikuwa na kazi.

"Umeshika?" akamwuliza.

"Nimeshika."

Akasoma namba, akaiandika. Kisha akasema polepole, "Sasa achilia," na Leila akaachilia, na ile futi ikakimbia sakafuni ikarudi kwa mwenyewe.

Bi Zaitun aliweka sahihi bila hata kusoma. Akamimina chai, akakataa Makokha aondoke kabla hajala mahamri mawili, akakaa mbele yake akimtazama anavyokula. Furaha ilikuwa imemrudisha ujana. Leila alikuwa hajamwona hivyo tangu baba alipokufa.

"Umeona?" Bi Zaitun akasema. "Umeingia, umekaa, umekunywa. Nani amekufa? Mimi nilimwambia huyu, mwanamume wa kweli hashindwi na mlango. Nilitaka kukujua, ndiyo maana. Sasa nimekujua." Akaegemea mbele, akashusha sauti. "Haya, mwanangu. Wazee wako waje lini?"

Makokha akaweka kikombe chini. Akamtazama Leila, mara moja tu, kisha akamgeukia mwanamke yule aliyekuwa na mtandio wa Idi.

"Asante kwa chai, Mama," akasema. "Umeniita mwanangu, na kuanzia leo nitakuwa hivyo. Ukiugua, uniite. Ukitaka kubebwa, nitakuja nikubebe. Mimi ni mtoto wako."

Bi Zaitun akapiga makofi kwa furaha. Akainuka, akatoka hadi uani, na kupitia ukutani wakamsikia akimwita jirani yake: "Hibo, njoo, njoo umwone. Mungu amenipa mtoto wa kiume."

Leila alikusanya vikombe. Alipofika kwa kile cha Makokha kilikuwa na joto bado, na akabaki amekishika mpaka geti likafungwa nyuma ya mwenyewe.